Papa katika darasa la Tumati: mtoto afundishwe kwa mkono, si kwa hofu



Hivi karibuni nilikuwa Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, kumtembelea binti yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko. Kwa mtu aliyezaliwa Kilindoni, kisiwani Mafia, safari ya Tumati ni ndefu: chombo hadi bara, basi hadi Dar es Salaam, basi jingine hadi Babati, kisha kupanda milima. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuvaa koti. Ng'ombe hupita barabarani wakichungwa na watoto, na bahari iko mbali kwa mamia ya kilomita.

Kabla sijaondoka nyumbani binti yangu alinipigia simu, akasema: "Baba, uje na lile taya la papa la marehemu babu." Taya hilo limetundikwa ukutani kwetu tangu nikiwa kijana. Nilidhani anatania. Kumbe wanafunzi wake wa darasa la pili walikuwa wakijifunza habari za wanyama, na alipowataka wachore mnyama wa baharini, wengi walichora samaki mwenye meno kama misumari, na pembeni mtu anayevuja damu. Baadhi yao walikuwa wameona filamu katika kibanda cha video. Binti yangu hakupenda watoto wa miaka saba na minane wamjue kiumbe wa Mwenyezi Mungu kwa damu tu.

Basi nikaingia darasani na kifurushi changu. Watoto wakasimama: "Shikamoo, Babu!" Nikaitikia marahaba, nikawaambia nimewaletea habari za papa. Kimya kikatanda. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama nimetoka Roma. Mbulu ina Wakatoliki wengi, na Papa wanayemsikia kila siku ni kiongozi wa kanisa lao. Tulicheka sote, mwalimu akaandika ubaoni "papa: samaki wa baharini", na kicheko hicho kikaondoa nusu ya hofu.

Nusu iliyobaki iliondolewa na mikono yao wenyewe. Nilianza kwa kuwaambia kila mmoja ashike sikio lake, alikunje, aliachie. Sikio hujirudi kwa sababu ndani yake hamna mfupa mgumu, mna gegedu. Nikawaambia, mwili mzima wa papa umejengwa kwa gegedu namna hiyo, hana mfupa hata mmoja. Watoto zaidi ya hamsini wakabaki wanakunja masikio na ncha za pua.

Kisha nikatoa kipande cha ngozi kavu. Ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani huteleza, ukirudisha mkono kutoka mkiani kwenda kichwani hukwaruza kama msasa, kwa kuwa imefunikwa na vijimeno vidogo sana vinavyoelekea nyuma. Vijimeno hivyo humsaidia papa kukata maji bila taabu. Tangu zamani mafundi wa mbao wa nchi mbalimbali walisugulia kazi zao kwa ngozi hiyo.

Taya nililiacha la mwisho, na meno yake nilikuwa nimeyafunika kwa kitambaa. Nilipofunua, safu ya mbele walirudi nyuma. Nikawaonyesha kuwa nyuma ya meno yaliyosimama kuna mengine yamelala yakingoja zamu. Jino la papa halikujikita katika taya kama letu. Limeshikwa na ufizi, hung'oka mara kwa mara, na la nyuma husogea mbele kushika nafasi yake, hata papa mmoja huweza kutumia maelfu ya meno katika maisha yake. Hapo msichana mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya mwenzake akaja mbele, akafungua kinywa kunionyesha pengo la meno mawili ya mbele. "Hata mimi yanakuja mengine," akasema. Baada yake kila mwenye pengo alitaka kulionyesha, na katika darasa la pili nani hana pengo?

Tukatoka uwanjani na kamba ya mita 10. Huo, nikawaambia, ni urefu anaoweza kuufikia papa tunayemwita potwe, ingawa wapo wanaozidi hapo. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Watoto wanane wakanyoosha mikono, wakagusana vidole, ndipo wakaifikia kamba mwisho hadi mwisho. Nikawauliza, mnyama huyu anakula nini? Wakajibu kwa sauti moja: "Watu!" Nikawaambia hapana. Anakula uduvi, vijidudu vya majini na samaki wadogo kama dagaa, ambao huwachuja kwa kinywa kipana. Kati ya Oktoba na Machi huonekana karibu na Kilindoni, na watu huogelea kando yake. Mgongo wake una madoa meupe ambayo hayafanani na ya mwenzake, kama alama za vidole vyetu. Kwa madoa hayo ndugu zetu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi.

Sikuwaficha kwamba wapo papa wanaoweza kumdhuru mtu. Kumfundisha mtoto kuwa papa wote ni wapole ni uongo uleule uliogeuzwa upande wa pili. Niliwaambia aina za papa zinazidi 500, na zinazojulikana kwa kushambulia watu ni chache mno. Wanaouawa na papa duniani kote kwa mwaka mzima kwa kawaida huhesabika kwa vidole vya mikono miwili, na wakizidi ni kidogo. Kwa upande wa pili, watafiti walikadiria mwaka 2013 kuwa wanadamu huua papa kiasi cha milioni 100 kila mwaka.

Idadi hiyo ni kubwa kwa akili ya mtoto, na sikujua kama imeingia. Nikaeleza kuwa samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu, lakini papa sivyo. Aina nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa, hubeba mimba karibu mwaka mzima, na baadhi huzaa watoto wachache tu. Mvulana mmoja, ambaye baadaye niliambiwa huchunga ng'ombe wa babu yake kila jioni, akasema: "Basi papa ni kama ng'ombe, si kama kuku. Ukichinja mitamba yote, zizi linakwisha."

Ndugu msomaji, nimekaa na wavuvi miaka mingi, nimehudhuria mikutano ya uvuvi, na sijasikia jambo hili likielezwa kwa ufupi kuliko hivyo. Mtoto ambaye hajaiona bahari aliielewa kwa zizi la nyumbani kwao.

Lakini ni mvulana huyohuyo aliyeniuliza swali lililonitoa jasho katika baridi ile: "Babu, wewe uliua wangapi?"

Ningeweza kupita pembeni. Binti yangu alinitazama, na watoto walinitazama. Nikawaambia kweli: ni wengi, sikuwahesabu. Nilipokuwa kijana tulitega majarife usiku na kuyatoa alfajiri. Nyama tuliianika, ikauzwa papa mkavu. Maini yaliyeyushwa kuwa sifa, mafuta yanayopakwa majahazi ili mbao zisiharibiwe na maji. Mapezi yalinunuliwa na wafanyabiashara kwa bei iliyozidi ya nyama. Siku moja tulimpandisha papa jike, na tulipompasua tukakuta watoto hai tumboni, wakijipindapinda. Tuliwatupa baharini lakini walikuwa bado hawajafikia kuishi. Baba yangu hakusema neno hadi tunafika pwani. Sisi tuliendelea kutega, kwa kuwa nyumbani walitungoja.

Nilieleza pia kuwa kuvua si dhambi. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake, kama inavyobainishwa katika Suratul Maida, aya ya 96. Kosa letu lilikuwa kuchukua bila kipimo, na Mola aliyetuhalalishia kula ametukataza israfu. Mvulana akatafakari, akasema: "Sasa unawafundisha watu wasiwamalize." Nikamwambia, inshallah.

Msichana mmoja wa Kiislamu akauliza kama papa ndiye aliyemmeza Nabii Yunus. Jirani yake Mkristo akasema yeye anamjua kwa jina la Yona. Nikawajibu kuwa Qur'ani inataja samaki aliyemmeza Nabii Yunus (AS) bila kueleza ni wa aina gani, na pale Mola aliponyamaza si adabu sisi kuongeza. Mwalimu akafurahi, kwa maana alihofu nitabuni jibu ili niwapendeze watoto.

Wazazi wenzangu, kwa nini nayaandika haya katika ukurasa wa malezi? Ni kwa sababu hofu imekuwa fimbo yetu ya karibu. Mtoto akilia usiku tunamwambia fisi atakuja. Asipokula, paka atamchukua. Akikaribia maji, papa atammeza. Fimbo hiyo hufanya kazi siku moja, kisha humwachia mtoto mambo mawili: kuwachukia viumbe asiowajua, na kutoamini maneno yetu siku atakapougundua ukweli. Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'aam aya ya 38, inatufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa Masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume (SAW) aliamuru makinda yale yarudishwe kwa mama yao. Nilipoisoma hadithi hiyo ukubwani, nilimkumbuka yule papa jike.

Mfano tunao hapa nchini. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wake ni Waislamu, na wenyeji husimulia kuwa jina la kisiwa limetokana na msala wa kuswalia. Sheria na makatazo peke yake hayakuwazuia watu kuharibu matumbawe. Yalipoletwa mafundisho ya Qur'ani juu ya amana ya viumbe, yakasomwa misikitini na madrasa, wengi walielewa kwa nini wanaombwa kujizuia. Kisiwani Chumbe, karibu na Mji wa Unguja, wanafunzi hupelekwa kuyaona matumbawe na samaki kwa macho yao ndani ya maji, na wapo watoto wa visiwani waliojua kwa mara ya kwanza siku hiyo kilichomo katika bahari yao.

Mzazi au mwalimu aliye mbali na pwani asiseme hana vifaa. Kama kuna jamaa wa pwani, aombwe taya au jino la zamani lililokaa nyumbani. Asinunue jipya, kwa maana kununua ni kuagiza mwingine auawe. Meno yafunikwe kwa kitambaa nene, mtu mzima ashike taya, watoto waguse kwa zamu, na baadaye wanawe mikono kwa sabuni. Taya likikosekana, msasa utafaa badala ya ngozi, sikio la mtoto badala ya gegedu, na kamba ya mita 10 itamwonyesha potwe mzima uwanjani. Udongo wa mfinyanzi utatosha kuumbia meno ya kupanga safu kwa safu. Kisha watoto waulize, na atakayejibu aseme kweli, hata kama kweli hiyo inamhusu mwenyewe.

Nilipoondoka Tumati niliacha taya lile shuleni. Binti yangu alisema nitalihitaji, nikamjibu kuwa ukutani kwetu halikuwa likimfundisha mtu. Juzi amenipigia simu kuwa watoto wamechora upya. Meno bado yapo, wameyachora vizuri zaidi kuliko mwanzo, lakini yule mtu anayevuja damu hayupo. Yule mchungaji mdogo amechora papa jike na watoto wawili pembeni, na kuwazungushia zizi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwalea watoto wetu katika ukweli na huruma. Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshallah.