Miksi Si Bango la Matangazo

Mwaka huu kuna neno moja limetuchosha vijana wa Bwera na Kasese, nalo ni "ujumbe". Ukienda ofisini kuomba chumba, unaulizwa ujumbe. Ukiomba umeme wa saa mbili tu, unaulizwa ujumbe. Mpira wa miguu uwe na ujumbe, mafunzo ya ususi yawe na ujumbe, na sasa hata miksi ya muziki wa house wanaitaka iwe na ujumbe. Mimi nafanya kazi na vijana, zile karatasi za mahudhurio nazigawa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo sisemi kama mtu wa nje. Nasema hapana.

Nieleze kwanza kisa, maana kimezungumzwa vibaya sokoni. Sisi ni kundi dogo. Wengi wetu tulivuka Mpondwe kutoka pande za Beni, Butembo na Kasindi, kila mmoja na mwaka wake, na wengine ni wenyeji wa hapahapa Bwera. Kila mwezi tunatengeneza miksi moja ya karibu saa nzima na kuigawa bure. Ofisi moja, sitaitaja, ilituazima spika mbili na kompyuta. Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Halafu likaja sharti: kila baada ya dakika kumi muziki ushuke, sauti iingie, iseme juu ya kunawa mikono au ndoa za mapema au kujiandikisha, kisha itaje jina la mradi na mfadhili wake. Tukakaa, tukajadili mpaka usiku, tukakataa. Wiki iliyofuata spika zikarudi stoo. Ziko huko mpaka leo, zimefunikwa turubai. Na watu wanasema eti vijana hawana adabu, wamepewa kitu na bado wanaweka masharti. Jamani, masharti aliweka nani?

Wengi wanaotuhukumu wanadhani kutengeneza miksi ni kupanga nyimbo foleni kama watu wanaongoja maji. Hapana. House inasimama juu ya mdundo mmoja mzito unaopigwa sawasawa, minne kwa minne, bila kukosa. Ikiwa mwendo ni midundo 120 kwa dakika, basi kila mdundo unachukua nusu sekunde. Nyimbo nyingi za aina hii zinabadilika kidogo kila baada ya midundo 32, yaani sekunde 16: inaongezeka kengele, inatoka besi, inaingia sauti ya mtu. Mwili wa anayecheza unaijua hesabu hiyo hata kama kichwa hakijawahi kuisikia. Sasa wewe unayechanganya, kazi yako ni kuuingiza wimbo wa pili pale hesabu ya kwanza inapoanza, si mdundo mmoja kabla wala mmoja baada. Kwanza unalinganisha mwendo. Kisha unaondoa besi ya wimbo mmoja kabla ya kuleta ya mwingine, kwa sababu besi mbili zikikutana zinapigana na kila kitu kinakuwa uji. Kuna mpito wa sekunde 30 ambao ulitugharimu jioni tatu. Tukipata mpito mzuri, msikilizaji hajui hata wimbo wa kwanza uliisha lini.

Hapo katikati lete tangazo la sekunde 40. Gawanya 40 kwa 16, utaona haigawanyiki. Hesabu imekufa, muziki unarudi katikati ya sentensi, na waliokuwa wanacheza wamesimama wanatazamana. Nimeyaona kwa macho yangu, maana kabla ya kukataa tulijaribu mara moja kwa heshima. Kijana wa bodaboda aliyekuwa na ile miksi kwenye spika yake aliisikiliza mpaka tangazo la pili, akatoa kadi, akaweka nyingine. Kwa hiyo ujumbe wenyewe haukufika popote, na muziki nao ukakataliwa.

Mtu asinielewe vibaya. Hatupingi habari za afya. Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka na kufika hapa, na yule mtoto wa miaka mitano akafia katika hospitali ya Bwera, kila mtu alitaka habari, tena haraka. Habari kama hizo watu wanazitaka zisemwe wazi, redioni, kanisani, msikitini, na mtu wanayemjua, kwa Lhukonzo na Kiswahili, na yule anayesema awe tayari kujibu maswali. Miksi haijibu maswali. Kuificha habari nzito ndani ya muziki kama kidonge ndani ya ndizi ni kumfanya msikilizaji mtoto mdogo. Vijana wanaona. Wanajua kabisa wanapodanganywa kwa ndizi.

Ndugu zangu wa mashirika, naomba mkumbuke mwaka 2020. Dunia nzima imefungwa, corona, watu wanaogopana. Wimbo gani ulichezwa na wauguzi kwenye viwanja vya hospitali, na mapolisi, na masista? "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode, uliotoka Afrika Kusini 2019. Ni house, umeimbwa Kizulu. Ndani yake hakuna barakoa, hakuna sabuni, hakuna jina la mfadhili. Madaktari wenyewe, watu wanaojua ujumbe wa afya kuliko mtu yeyote, waliuchagua ulivyo wakaucheza ulivyo. Hakuna aliyewaambia waushushe kila dakika kumi.

Tena muziki huu umetoka kwa watu kama sisi. Mwaka 1977 Frankie Knuckles alianza kupiga katika ukumbi wa Warehouse mjini Chicago, na wengi wanasema jina la house limetoka kwenye jina la ukumbi huo. Waliokuja pale ni vijana weusi na Walatino ambao kumbi nyingine hazikuwataka. Alikuwa akikata na kuunganisha kanda ili wimbo mfupi udumu na watu wasikae chini. Miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoanguka, vijana wa Soweto wakaichukua house, wakapunguza mwendo, wakaimba juu yake kwa lugha zao, ikawa kwaito. Baadaye Durban wakatengeneza gqom, na iliyoisambaza sana ni teksi za abiria: dereva mwenye muziki mpya ndiye anayejaza gari. Mzee anayeniambia huu ni muziki wa kizungu namheshimu, lakini namuuliza, baba, sebene ni nini? Si gitaa linalozunguka palepale, linazunguka, linazunguka, mpaka hata mwenye madeni anainuka? Ni akili ileile. Tena miksi yetu moja ilikuwa na sebene juu ya mdundo wa house, na wazazi ndio walioiomba zaidi ya vijana.

Kugawa ndiko kwenye maana kubwa, na ofisi hawakuelewa hapo kabisa. Walitaka tuiweke mtandaoni ili wahesabu waliosikiliza. Hapa Uganda tangu Julai 2018 tulikuwa tunalipa shilingi 200 kila siku ili tu kufungua WhatsApp na ndugu zake, kisha Julai 2021 ikaondolewa ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Facebook imefungwa tangu Januari mwaka huohuo wa 2021. Miksi ya saa moja yenye ubora wa juu ni MB 144. Nani wa Bwera atachoma MB 144 kusikiliza kitu ambacho jirani anacho kwenye simu? Sisi tunatumia kadi za simu, flashi na Bluetooth. Kadi inakwenda na mama anayerudi Kasindi baada ya soko, inakwenda na dereva wa lori mpaka Kasese mjini, inafika Kyaka II na Rwamwanja kwa mtu aliyehamishwa na basi la wakimbizi asubuhi moja bila kuaga. Huwezi kuihesabu. Mara moja miksi yetu ilirudi kutoka Butembo imeongezwa nyimbo nne mwishoni, na mpito wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko yetu yote. Hatukujua aliyeifanya. Tulifurahi wiki nzima.

Na ndani ya miksi kuna salamu. Hapa natenganisha salamu na tangazo, maana ofisi walisema, "Mbona mnataja majina ya watu, basi mnaweza kutaja na mradi." Salamu inaombwa na mtu. Dada mmoja alikuja akaomba tutaje jina la rafiki yake waliyeachana naye njiani, akisikia kwamba huenda yuko Rwamwanja. Tuliliweka pale besi inapotoka, sehemu yenye nafasi, midundo 32 kamili, jina tu na kijiji. Ile ni barua. Mradi hauna rafiki aliyepotea njiani.

Wenzangu wa kuchanganya nao nina ugomvi nao, nisionekane naitetea kazi yote. Kuna DJ ambaye kila nusu dakika anapiga kelele jina lake mwenyewe, na king'ora juu. Huo nao ni ubango. Na kuna wanaofuta majina ya wasanii kwenye faili wakaandika ya kwao. Mtu amehangaika kutengeneza wimbo huko Pretoria au Kampala, wewe unamfuta kwa kidole kimoja. Sisi kila miksi inakwenda na picha ndogo yenye orodha ya nyimbo na wenye nyimbo. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa pingamizi zito, lile linalonyamazisha kikao. Tangu 2023 posho kwenye makazi inagawanywa kwa makundi matatu, na wengi wameishia kwenye kundi lisilopata kitu. Hapa Bwera na Kasese wengi wetu tunakaa kwa ndugu, hatukuwahi hata kuwa kwenye orodha. "Watu wana njaa, wewe unaniletea habari ya muziki?" Mwenye njaa hahitaji kukumbushwa na mtu aliyeshiba kwamba ana njaa. Na tufanye hesabu ya kweli: tangu spika ziingie stoo, posho ya nani imeongezeka hata kikombe kimoja cha unga? Pesa ya spika haikugeuka maharage. Imegeuka spika zilizofunikwa turubai.

Lingine linasemwa na wazazi kwa uchungu, na hilo nalijibu taratibu. Usiku wa Juni 16, 2023 watoto wa sekondari ya Lhubiriha waliuawa shuleni kwao, hapa Mpondwe. Zaidi ya watu 40. Baada ya hapo hakuna aliyetuambia tunyamaze. Tulinyamaza wenyewe, hatukuwasha hata simu kwa sauti. Kimya kilipokuwa kirefu sana, walioanza kuuliza miksi inarudi lini walikuwa vijana wa umri ule wa waliokufa. Hawakutaka semina. Walishapewa semina ya majonzi, wakasaini, wakapewa soda. Walitaka kukaa pamoja mahali penye kitu kinachokwenda mbele sawasawa bila kushtuka. Tulianza na nyimbo zisizo na maneno, mwendo wa chini. Wachache walicheza. Wengi walikaa ukutani tu, na hakuna aliyewasumbua.

Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia miksi "haina kitu ndani" mpaka yeye atie cha kwake.

Kama kuna shirika linataka kusaidia, mambo yenyewe ni madogo. Chumba chenye mlango na umeme wa uhakika, hata wa sola, jioni mbili kwa wiki. Vipokea sauti vya masikioni viwili vizima, maana mpito hausikiki kwa spika ya simu. Programu hatuombi, kuna Mixxx, ya bure, inafanya kazi bila intaneti na hata kwenye kompyuta iliyochoka. Picha mpige kama mnataka, lakini fulana zenye nembo bakini nazo. Na msiulize tumefikia watu wangapi, kwa sababu jibu letu litakuwa "hatujui", na hakuna sanduku la jibu hilo kwenye fomu zenu. Anayetaka kuzungumza juu ya ndoa za mapema aje siku yake, tutamwitia watu sisi wenyewe, tutapanga viti, na tutakaa mpaka mwisho.

Kwa sasa tunatumia kompyuta ya mmoja wetu, kioo kimepasuka upande mmoja, tunaichaji kwenye kibanda cha sola cha jirani. Miksi ya mwezi huu imekamilika hivyohivyo. Ni ya dakika 58, inaanza midundo 112 kwa dakika na kuishia 124. Kuna faili kubwa ya MB 139 na ndogo ya MB 28, hiyo ndogo inaingia hata kwenye katochi yenye kadi. Uliza kwa vijana wa bodaboda karibu na soko la Mpondwe au kwa wanaouza chaji za simu pale stendi ya Kasese. Salamu ziko dakika ya 41. Ukisikia jina lako, tia jibu kwenye kadi hiyohiyo uirudishe ilikotoka.