Gari lililolala yadi: nafuu ya Nairobi huweza kuishia Namanga

Gari linapokaa yadi miezi kadhaa bila mnunuzi, anayeumia ni mwenye yadi. Analipa riba ya mkopo alioagizia gari, analipa kodi ya kiwanja na mlinzi, na ukigeuka mwaka gari lile linazeeka kwenye karatasi hata kama halijatembea kilomita moja. Ndiyo maana bei ambayo Juni haikugusika, Desemba inazungumzika. Wafanyabiashara wanaovuka Namanga, Sirari, Holili na Busia wanalijua hilo, na wapo wanaosubiri mwisho wa mwaka kutafuta pikapu au gari dogo la kubebea mzigo. Swali ni kama nafuu hiyo inavuka mpaka pamoja na gari.

Mara nyingi haivuki.

Kwanza, gari la Japani si bidhaa ya asili ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 unamwezesha mchuuzi kupitisha mchele wa Mbeya au mahindi ya Kitale kwa cheti cha uasilia bila ushuru wa forodha. Gari lililoshushwa Mombasa halipati cheti hicho hata likikaa Ngong Road miaka miwili. Bei yake ya yadi tayari imebeba ushuru na VAT ya asilimia 16 vya Kenya. Likifika upande wa pili kwa nia ya kusajiliwa Tanzania, TRA inaanza hesabu yake upya. Punguzo la asilimia 10 au 15 alilopigania mnunuzi haliwezi kufunika kodi ya nchi mbili.

Pili, na hapa ndipo wengi hunaswa, muda ule ule uliomlegeza muuzaji wa Nairobi ndio unaopandisha kodi ya Tanzania. Gari dogo lisilo la kazi likifikisha umri wa miaka minane hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Tuseme gari la cc 1,500 limethaminiwa na forodha kwa Sh10 milioni za Tanzania. Likiwa na miaka saba, ukijumlisha ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 na VAT ya asilimia 18, na ukiacha tozo ndogondogo, linafika takriban Sh15.5 milioni. Kwa thamani hiyo hiyo likiwa na miaka minane, linafika Sh17.7 milioni. Thamani ya kiforodha itashuka kidogo kwa sababu ya umri, lakini si lazima ishuke kwa kiwango cha punguzo la yadi, kwa kuwa TRA ina orodha yake ya thamani za magari na haifungwi na risiti ya muuzaji.

Mwenye shabaha ya kuvusha gari afadhali aache yadi ya barabarani na aulize magari yaliyo kwenye bondi, yaani maghala ya forodha ambako kodi haijalipwa. Huko saa inakimbia zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa miezi sita ya kuhifadhi bidhaa kwenye ghala, na kwa ruhusa, mitatu zaidi. Baada ya hapo gari linaelekea mnadani. Mwagizaji aliyefika mwezi wa nane hana nguvu ya kushikilia bei, na mnunuzi wa Kampala, Juba au Arusha anaweza kulichukua likatoka chini ya dhamana ya forodha bila kodi ya Kenya, akalipa ya nchi anakolipeleka tu. Kazi hiyo inahitaji wakala wa forodha mwenye leseni. Madalali wanaonong'ona kwamba gari la transiti linaweza "kupotelea njiani" na kuuzwa humo humo wanauza kesi: gari la namna hiyo hukamatwa, na aliyelipa pesa ndiye anayebaki mikono mitupu.

Tofauti za kanuni nazo zina faida kwa anayezijua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza, hivyo tangu Januari 1, 2026 lililosajiliwa 2018 halipokelewi tena kwa matumizi ya nchini. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa 2018, inakataa lenye miaka 15 au zaidi, tena inahesabu tangu kutengenezwa. Tanzania haikatai, inatoza. Kwa hiyo gari ambalo muuzaji wa Japani hawezi tena kulielekeza Nairobi bado lina soko Kampala na Dar es Salaam, na mnunuzi wa huko ana haki ya kuanza na bei ya chini. Anayelenga Kigali asihangaike na hesabu hizi kabla ya kutazama usukani: Rwanda huendesha kulia mwa barabara, na shehena ya yadi za Nairobi ni usukani wa kulia.

Ni miaka 20 na zaidi tangu umoja huo uanze, na nchi hizi bado hazina umri mmoja wa gari. Hadi hapo, anayefaidi kwa uhakika ni yule anayelitumia gari pale pale lilipolipiwa kodi. Mchuuzi wa Arusha mwenye mshirika Nairobi anaweza kununua pikapu ya namba ya Kenya ibebe hadi Namanga, mzigo ukahamia gari la Tanzania mpakani.

Kabla ya kutoa pesa, kuna ukaguzi ambao mng'aro wa rangi hauonyeshi. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo halifai kwa safari ya mzigo hata kama meno yake ni mapya. Betri iliyolala hufa. Hata gari jipya la wakala ambalo halijauzwa mwaka mzima lina jambo la kuuliza: dhamana ya kiwandani inaanza siku ya kuuzwa, au ilianza lilipofika? Na kama lilishasajiliwa, jina lililo kwenye logbuku ni la nani. Likiwa la benki, anayestahili kuandikiwa hundi ni benki.