Mchezo wa Dumuzi: Tumeucheka, Sasa Tuupime

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitakueleza habari za mbegu wala mbolea. Nitakueleza habari za mchezo wa kuigiza. Labda utauliza, "Bwana Shamba na michezo, wapi na wapi?" Soma mpaka mwisho, utaona.

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia hapa Usukuma kuna kikundi cha sanaa. Wamo vijana na akina mama. Baada ya mavuno walicheza mchezo wao chini ya mwembe. Hapakuwa na jukwaa wala kiingilio. Watoto walikaa mbele, wazee wakakaa kwenye viti vyao. Kwanza ilichezwa ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe, ili watu wakusanyike. Kisha mchezo ukaanza.

HADITHI YENYEWE

Mzee mmoja amevuna mahindi mengi. Anayatia kihengeni yakiwa bado kwenye magunzi. Mkewe anataka kusema neno. Mzee anamkatiza: "Hayo niachie mimi."

Usiku dumuzi wanaingia. Dumuzi waliigizwa na vijana watatu waliojifunika magunia. Kila mmoja alikuwa na mawe mawili, akiyasugua: kru, kru, kru. Watoto walicheka. Wazee hawakucheka. Mlio ule waliufahamu.

Miezi mitatu inapita. Mzee anafungua kihenge. Anatia mkono achote mahindi, anatoa vumbi. Anaketi chini, anashika kichwa.

Hapo ndipo anapofika Bwana Shamba. Amevaa kofia, daftari liko kwapani. Anauliza, "Yalikuwa magunia mangapi?" Anaandika. Anasema, "Mngeniita mapema." Anapanda baiskeli yake, anakwenda zake.

Ndugu msomaji, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi. Hata kofia ile ilifanana na yangu.

Niliona haya, nikataka kuondoka. Lakini nilijiuliza: mwaka huu nilifika mara ngapi katika kijiji hiki kabla ya mavuno? Mara moja tu. Basi kijana yule hakunisingizia. Nikakaa.

JINSI YA KUUPIMA MCHEZO

Watu wengi wakitoka kwenye mchezo husema, "Umefana," au "Haukufana." Hiyo haitoshi. Mkulima hapimi pamba kwa macho, huiweka kwenye mizani. Mchezo nao una mizani yake. Jiulize maswali matatu.

1. Je, mchezo unasema kweli?
2. Je, kila mtu aliyemo amepewa nafasi ya kusema?
3. Je, mchezo ukiisha, unatuachia kazi gani?

Tuupime mchezo wetu.

JE, UNASEMA KWELI?

Mahali pengi unasema kweli. Dumuzi ni adui wa kweli. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa kwetu Tanzania aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea mikoa mingine. Wakulima wengine walimpa jina la Scania, kama lile lori kubwa.

Lakini kuna mahali mchezo umekosea. Mwaka wa pili yule mzee ananunua dawa ya unga. Anainyunyiza kihengeni juu ya mahindi yaliyo kwenye magunzi. Dumuzi wote wanaanguka, wanakufa. Watu wanapiga makofi.

Mimi sikupiga makofi. Mkulima akifuata mfano huo atapoteza fedha zake na mahindi yake. Dumuzi hustawi sana katika mahindi yaliyo kwenye magunzi. Huingia ndani, na dawa iliyonyunyizwa juu haimfikii. Njia iliyo sawa ni hii:

Anika mahindi yakauke vizuri. Uma punje kwa meno. Ikikatika kwa mlio, imekauka.
Yapukuchue, uyapepete.
Safisha ghala. Toa mabaki yote ya mwaka jana.
Changanya punje na dawa ya kuhifadhia nafaka. Soma maelezo ya kwenye pakiti, upime kama yanavyosema. Usikisie.
Usitumie dawa ya pamba hata kidogo. Hiyo ni sumu kwa chakula.

Ikiwa inapatikana, unaweza pia kutumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri, wadudu hukosa hewa, hufa. Mifuko hiyo haihitaji dawa.

Niliwaeleza waigizaji jambo hili. Hawakukasirika. Wamekubali kubadilisha sehemu hiyo. Tena wataongeza jambo moja zuri: mtoto wa yule mzee atamsomea baba yake maelezo ya kwenye pakiti.

JE, KILA MTU AMESEMA?

Hapa ndipo mchezo ulipokuwa na upungufu mkubwa. Mke wa mzee hakupewa maneno. Alisimama tu, ameshika ungo. Lakini katika nyumba zetu, nani anapukuchua mahindi? Nani anapepeta? Nani anajua chakula kitafika mwezi gani?

Mchezo ulipokwisha, watu waliulizwa maoni yao. Mama mmoja alisimama nyuma, akasema, "Huyo mke si bubu." Kiongozi wa kikundi akamjibu, "Basi mama, njoo utuonyeshe." Watu wakacheka. Mama yule hakucheka. Alimpa mwenzake mtoto aliyembeba, akaingia uwanjani, akachukua ule ungo.

Mchezaji aliyekuwa mzee akarudia maneno yake: "Hayo niachie mimi."

Mama akamjibu, "Baba watoto, mwaka jana nilikuachia. Mwezi wa pili watoto walikula nini?"

Kijana yule hakuwa na jibu. Hakuna aliyemtungia. Pale chini ya mwembe palikuwa kimya. Niliona wanaume kadhaa wakitazama chini. Kwangu mimi, hapo ndipo mchezo ulipofika hasa.

Njia hii ya kuigiza, kisha kujadiliana, si ngeni kwetu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hii katika kijiji cha Malya, Wilaya ya Kwimba. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao. Wakayaonyesha kwa ngoma na michezo. Kisha wakayajadili. Mtazamaji hakuwa mgeni wa kupiga makofi tu. Alikuwa mwenye shauri.

UNATUACHIA KAZI GANI?

Mchezo wenyewe ulimalizika kwa hotuba ndefu ya kutuhimiza kuhifadhi chakula. Waigizaji wetu, nawaomba muikate. Hotuba tunazo za kutosha, na mimi ni mmoja wa wanaozitoa. Malizeni mkono wa mzee ukiwa kihengeni, umejaa vumbi. Kisha waulizeni watu, "Sasa tufanyeje?" Watajibu wenyewe.

Siku ile watu walijibu. Walikubaliana kwamba kila nyumba ipukuchue mahindi kabla ya kuyahifadhi, na kwamba mume na mke washauriane ni magunia mangapi yabaki nyumbani kabla ya kuuza. Kisha mzee mmoja akanigeukia: "Na wewe, Bwana Shamba?"

Nilifungua daftari mbele yao. Niliandika kwamba mwakani nitafika wiki mbili kabla ya mavuno, tupukuchue na kuchanganya dawa pamoja. Nilisoma kwa sauti nilichoandika. Nisipofika, kikundi kina ruhusa ya kunicheza tena, kofia na yote.

Ndugu msomaji, kikundi cha kijiji chenu kikicheza, nenda ukatazame. Cheka panapochekesha. Lakini usiondoke upesi. Wapongeze walipofanya vizuri, waeleze walipokosea, nawe usikasirike ukijiona humo. Kioo hakigombani na mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako, nani huamua mahindi ya kuuza na ya kubakiza?
2. Ungekuwa wewe yule mzee, ungemjibu nini mkeo?
3. Kijiji chenu kina tatizo gani linalofaa kutungiwa mchezo?

Mpaka mwezi ujao.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.