Sensa Moja Ilinidanganya, Mayai 48 Yakalipa

Wasee, leo sina video. Leo nakuja kuungama.

Mnakumbuka ile inkubeta niliyomjengea shosho? Boksi la mbao, balbu mbili, kafeni kadogo, bodi ya ESP32, na sensa moja ya joto katikati. Skrini ilisoma 37.5, digrii ambayo yai la kuku linataka kwa karibu siku zote 21. Nikarekodi, nikapost, mkanipea love kama zote.

Tuliweka mayai 60. Yaliyoanguliwa ni 12.

Shosho hakunigombeza. Alipasua yai moja, akaangalia kifaranga kilichofia ndani, akaniuliza pole pole: "Sasa wewe, hiyo mashine yako ilikuwa inaangalia yai gani?"

Manze, sikuwa na jibu. Ilikuwa inaangalia yai lililokuwa karibu na sensa. Hayo mengine hakuna aliyekuwa anayaangalia.

Maoni yangu ni haya, na najua yatawakera wenzangu tunaopost projects: ukijenga kitu cha kulinda uhai kwa sensa moja, hujamaliza. Umejenga demo. Na usiniambie sensa nyingi ni kazi ya injinia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hii nimeiweza.

Chipu niliyotumia ni DS18B20. Ina miguu mitatu: umeme, ardhi na data. Utamu wake ni kwamba kila moja inatoka kiwandani na namba yake ya biti 64, kama kitambulisho. Kwa hivyo unaweza kuziweka nyingi kwa waya mmoja wa data, na bodi inaita kila moja kwa namba yake. Unahitaji rezista moja ya kilo-omu 4.7 kati ya data na umeme. Basi.

Lakini kuna mahali watu huanguka, na mimi nilianguka kote.

Kwanza, waya. Nilitoa kila sensa na waya wake mrefu kutoka kwa bodi, zikaanza kupotea ovyo. Pitisha waya mmoja mkuu, sensa zishike njiani kwa vipande vifupi, kama stage za matatu kwa barabara moja.

Pili, majina. Usiandike "sensa ya kwanza, ya pili" kwa programu. Bodi inazipanga kwa namba zao, si kwa mahali umeziweka. Ukiongeza mpya, ya kwanza inaweza kugeuka ya tatu. Shika moja kwa vidole, ona ni namba gani inapanda, bandika lebo. Halafu zitumbukize zote kwa maji yenye barafu iliyopondwa. Zote zinafaa kusoma karibu na 0. Ile inayosoma 3 usiiamini.

Tatu, namba za uongo. Ukiona 85 ghafla, si moto. Mara nyingi chipu imewaka upya au haijamaliza kupima, kwa sababu kipimo kamili huchukua hadi milisekunde 750. Ukitumia ile maktaba ya kawaida ya Arduino na uone -127, sensa haipatikani. Programu isipojua hivyo, itadhani kuna baridi kali na kuwasha balbu usiku kucha.

Sasa ile kubwa: wastani. Nilipoweka sensa tatu, juu ilisoma 39.2, katikati 37.6, chini 35.7. Piga wastani. Unapata 37.5 kamili! Skrini ingesema kila kitu kiko poa, na kumbe mayai ya juu yanaiva na ya chini yanagandamia. Hakuna yai linaloishi kwa wastani. Yai linaishi pale lilipo.

Kwa hivyo nilifuta wastani. Sasa sensa yoyote ikipita 38.5, balbu zinazima. Tofauti kati ya juu na chini ikizidi digrii moja, king'ora kinalia. Sensa ikipotea, king'ora kinalia pia. Na kabla ya yote nilibadilisha feni na kuhamisha balbu, juu programu haiwezi kusukuma hewa.

Mzunguko wa pili shosho alinipa mayai 30 tu. Imani yake inarudi na mguu, si na nduthi. Tukapata vifaranga 24.

Ile video ya kwanza bado iko na views nyingi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimeifuta jana. Kuna mtu mahali fulani angeinakili, na yeye pia ana shosho.

Ukijenga yako, usinionyeshe namba ya katikati. Nionyeshe pembe zote nne.