Mtoto Ameteguka Mguu: Je, Anahitaji Ultrasaundi?

Mama mmoja alikuja kituoni akiwa na karatasi mkononi, na mwanawe wa miaka 13 amemwegemea begani. Mtoto alikuwa ameanguka akicheza mpira siku nne kabla. Mama alikwishalipia ultrasaundi kwenye kliniki moja ya mtaani, akaambiwa kano za kifundo cha mguu ni nzima, basi akarudi nyumbani akaendelea kumchua. Lakini mtoto hakuweza kukanyaga hata hatua mbili. Nilipobonyeza mfupa wa ukingoni mwa wayo, upande wa kidole kidogo, alipiga kelele. Tulimpa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na eksirei ikaonyesha mfupa ule umevunjika.

Mama yule hakuzembea. Alitafuta kipimo, akalipa, akapewa jibu. Ila jibu lile lilihusu kano, na mtoto aliumia mfupa. Ndiyo maana naandika leo: ili kabla hujatoa pesa ujue kipimo hiki kinajibu swali gani.

Kwa nini ultrasaundi iko kila mtaa?

Wengi wetu tuliijua ultrasaundi tukiwa wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mashine nazo zimekuwa ndogo. Ziko hata za kuunganishwa kwenye simu. Kwa akina mama hili ni jema, maana kipimo kilichokuwa hospitali kubwa tu sasa kinapatikana karibu na nyumbani.

Lakini mashine ikishanunuliwa inatakiwa kurudisha gharama yake. Bango lililokuwa linataja mimba peke yake sasa linataja pia matiti, tezi, misuli na viungo. Na ingawa Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, familia nyingi bado zinalipa mfukoni. Kipimo kisicho cha lazima kinakula pesa ya nauli ya kwenda kwenye kipimo cha lazima.

Inaona nini, haioni nini?

Kano ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwingine. Mtu akiteguka kwa wayo kupindukia ndani, inayoumia mara nyingi zaidi ni kano ndogo ya mbele, upande wa nje wa kifundo. Unene wake ni kama milimita 2, nayo iko chini kidogo tu ya ngozi.

Eksirei huonyesha mifupa, kano haionekani. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na mtoto haumii. Mpimaji mzoefu anaona kama kano ni nzima, imevimba, imechanika kidogo au imekatika kabisa. Anaweza pia kuukunja wayo taratibu huku akitazama kioo, aone kama kiungo kinafunguka kuliko kawaida.

Lakini ultrasaundi haioni ndani ya mfupa. Kuambiwa "kano ni nzima" si sawa na kuambiwa "hajavunjika". Pia katikati ya wayo kuna kano zilizojificha kati ya mifupa, ambapo mawimbi hayafiki vizuri. Mtu akiangukiwa na pikipiki juu ya wayo, kisha ukaona damu imevilia kwenye unyayo, usiridhike na ultrasaundi. Mpeleke hospitali.

Mashine ya mimba na mashine ya wayo

Hili watu wengi hawaambiwi. Sehemu ya mashine inayopitishwa juu ya ngozi tunaiita kichwa. Kichwa cha kupimia mimba kimepinda, na mawimbi yake yametengenezwa kufika mbali, ndani ya tumbo. Kwa kano ya milimita 2 iliyo chini ya ngozi, picha yake huwa na ukungu. Wayo unahitaji kichwa bapa chenye mawimbi ya masafa ya juu, ambayo hayaendi mbali lakini huonyesha vitu vidogo kwa uwazi. Kliniki inaweza kuwa na mashine nzuri kabisa ya mimba, na isifae kwa mguu wa mwanao.

Mkono wa mpimaji nao una uzito wake. Kichwa kikilala upande kidogo tu, kano nzima huonekana nyeusi kama iliyochanika. Aliyefundishwa anajua mtego huu: hubadilisha pembe, kisha hupima na mguu mzima ili alinganishe.

Siku ya kwanza, anza na hatua nne

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni rahisi ya kujua nani anahitaji eksirei. Inatumika hadi leo, na kwa watoto wa miaka 5 na zaidi pia imethibitika kufaa. Huhitaji mashine kuikumbuka. Nenda hospitali yenye eksirei ikiwa kuna maumivu ya kifundo au katikati ya wayo, pamoja na mojawapo ya haya:

- Hakuweza kutembea hatua nne alipoumia, na hata sasa hawezi.
- Anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, upande wa nje au wa ndani, hasa ncha yake na ukingo wake wa nyuma.
- Anaumia ukibonyeza mfupa wa ukingoni mwa wayo upande wa kidole kidogo, au mfupa ulio juu ya uvungu wa wayo upande wa ndani.

Wayo ukikaa vibaya, ukiwa wa baridi, umebadilika rangi au umekufa ganzi, usisubiri hata saa moja. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 anayekataa kukanyaga, usipime mwenyewe, mpeleke akaonwe.

Kama hakuna dalili hizo, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni kano tu, na siku hiyo hahitaji picha yoyote. Apumzishe mguu, aunyanyue juu ya mto. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji ya kuvutika, isibane hadi vidole vivimbe. Parasetamoli inatosha kwa maumivu. Mtoto usimpe aspirini. Na nakuomba, siku tatu za mwanzo usimchue wala kumkanda kwa maji ya moto, maana uvimbe unaweza kuongezeka. Maumivu yakipungua aanze kuuchezesha wayo na kukanyaga kidogo kidogo. Kano nyingi hupona hivi bila upasuaji.

Lini ultrasaundi inafaa?

Inafaa pale jibu lake litakapobadilisha matibabu. Kwa mfano, wiki sita zimepita na bado anaumia, kifundo kinateguka tena na tena, au anahisi kinalegea akishuka ngazi. Hapo kujua kano ipi imekatika kunasaidia kuamua kati ya mazoezi ya viungo, kifaa cha kushikilia kifundo au kumwona daktari wa mifupa. Inafaa pia kwako mama, ikiwa kisigino kinakuchoma kila asubuhi unapotia mguu chini na mazoezi hayajasaidia. Ultrasaundi hupima unene wa utando wa chini ya wayo. Ukizidi milimita 4, mara nyingi ni dalili kuwa umeathirika.

Kabla hujalipa, uliza

1. Nani ameagiza kipimo hiki, na ameshaushika na kuukagua mguu?
2. Mnacho kichwa bapa cha kupimia viungo, au ni kile cha mimba?
3. Mpimaji amefundishwa kupima viungo, na atalinganisha na mguu wa pili?
4. Jibu likitoka, matibabu yatabadilika vipi?

Hakuna mhudumu mwema atakayekasirika kwa maswali hayo. Wakishindwa kujibu la kwanza na la nne, hifadhi pesa yako na uende mtoto akakaguliwe kwanza.

Yule kijana alifungwa hogo, akapona, na amerudi uwanjani. Mama yake ameniambia kuwa siku hizi jirani akija na mtoto aliyeteguka, yeye humwambia mtoto kwanza: "Hebu tembea hatua nne nikuone."