Diski Isiyofunguka

Twaulizwa: diski ya nje yenye picha za wazee waliokwisha kufariki haifunguki katika kompyuta, ifanyweje? Twajibu: kwanza badilisheni waya na tundu, kwani mara nyingi kasoro huwa hapo. Ikisikika kugongagonga kwa ndani, izimeni upesi mkaipeleke kwa fundi, maana kila mzunguko waweza kuikwaruza. Ikiwa kimya, itazameni katika Disk Management ya Windows. Ikionekana pasipo herufi, ipeni. Kompyuta ikitaka kuifomati, kataeni kabisa: huenda ilipangwa kwa mfumo wa Mac, ambao Windows haiusomi, na picha zingalimo salama. Ikifunguka, nakilini kwanza, ndipo mtengeneze. Wala amana isiwekwe mahali pamoja tu.