Pamba ya mito ndani ya bafle za gari

Siku hizi vijana wanaofunga muziki ndani ya teksi wanakuja kwenye atelye yetu ya kushona kuomba pamba ya mito. Wengine kati yetu walicheka: pamba na muziki vinakutana wapi? Vinakutana, tena kuna pesa ndani yake. Tueleze.

Spika ya besi inafungwa ndani ya sanduku la mbao. Ikipiga, inasukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikibanwa inapata joto, ikiachiliwa inapoa. Nyuzi za pamba zinapokea sehemu ya joto hilo, na sanduku dogo linafanya kazi kama limeongezewa nafasi kidogo. Mwenye teksi anapata besi nzito zaidi bila kula nafasi ya mizigo. Msimwahidi miujiza lakini, ni nyongeza tu.

Hayo ni kwa sanduku lililofungwa pande zote. Lenye tundu la kutolea hewa halijazwi, maana pamba ikiziba tundu besi inapungua. Kwa hiyo muulizeni mteja kwanza: lina tundu?

Sanduku la litre 30 linaomba kama gramu 250 mpaka 450. Pamba ichambuliwe kwa vidole, ienee, isishindiliwe kama mto wa kupokea wageni. Isiguse nyuma ya spika kwenye sumaku, maana pale ndipo inapopoa. Ampli ibaki nje, kwa kuwa inachemka.

Pamba nzuri ni ile nyeupe ya poliesta tunayotia katika mito. Vipande vya vitambaa vinashuka chini kwa mitikisiko ya barabara zetu (mnazijua). Eponji ya matela ya zamani inakuwa unga.

Sasa neno la pamba ya vioo. Kwa sauti inafaa, hatukatai. Lakini inawasha ngozi, macho na koo. Mteja mmoja alituletea mfuko mzima tuikate na kuishonea kitambaa, na malipo yalikuwa mazuri. Tulijadiliana hadi jioni. Wamama wawili walitaka tukubali, na tunawaelewa: minervali ya watoto inadaiwa. Lakini sisi tunashona na watoto mgongoni, na wengine wanatambaa chini ya mashine. Tulikataa. Akirudi na poliesta, tutamhudumia kwa furaha.

Tena, sisi ndio tunaopanda teksi hizo. OMS inasema sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa juma zima. Bafle inakaa kwenye kofre, nyuma kabisa ya kiti ambapo tunaketi na watoto. Mwambieni dereva apunguze, hata kama pamba ni yetu. Akikataa, shukeni.

Kuhusu bei: tuache kuuza kwa mkono, maana mkono wa mama Fulani si mkono wa mwingine. Mwenye mizani ndogo ya jikoni ailete siku ya likelemba, tupime gunia lililobaki na kupanga bei ya kila gramu 100.